Shokomzoba Hainunuliwi kwa Macho

Siku hiyo ya Aprili, mwaka 2019, nilikuwa nimewabeba wanafunzi watatu wa Kidato cha Tatu, nikiwapeleka katika mashindano ya mijadala mjini Eldoret. Mvua ilikuwa imetuandama tangu Nakuru. Tulipokaribia Timboroa, pale ambapo barabara hupanda, hupinda na kumezwa na ukungu, alitokea mama mmoja akivuka na mzigo wa kuni mgongoni. Nikakanyaga breki. Breki zilishika, lakini gari halikushika. Sehemu ya nyuma iliruka juu ya makunyanzi ya lami, ikatua, ikaruka tena, na kila iliporuka ilijivuta upande wa bonde. Breki, msomaji mpendwa, husimamisha gurudumu tu. Kinachosimamisha gari ni barabara, nayo haiwezi kulishika gurudumu lililo hewani.

Yule mama alirudi nyuma hatua mbili, nasi tukasimama mahali ambapo ningeweza kuunyosha mkono na kuzigusa kuni zake. Hakuna aliyeumia. Mmoja wa wasichana wale akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, gari limefanya nini?" Sikumjibu, ingawa jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelinunua mwenyewe wiki sita kabla ya siku hiyo, kwa fedha taslimu, katika soko moja la vipuri kuukuu ambalo sitalitaja jina.

Ninaandika haya kwa sababu walimu wengi ninaowafahamu wana gari moja, tena lililokwisha kutumika Japani kabla ya kufika Mombasa, na mshahara wao hauwaruhusu kuingia katika duka la vipuri vipya kila jambo linapoharibika. Kwa hivyo hununua kuukuu. Silaumu. Mimi mwenyewe ningali nanunua. Ninacholaumu ni namna tunavyonunua: tunatazama, tunaulizia bei, tunapunguziwa kidogo, tunafurahi, tunaondoka. Kwa kipuri cha aina hii, macho ni shahidi asiyeaminika.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Neno shokomzoba limo kamusini, ingawa ukimtajia fundi wa mtaani huenda akakuuliza iwapo ni dawa ya minyoo. Mafundi husema "shoki", na shoki ni hiyo hiyo. Ni mcheduara wa chuma, wenye urefu kama wa mkono wa mtu, unaosimama kati ya gurudumu na bodi ya gari. Watu wengi hudhani kuwa ndio unaobeba uzito wa gari. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Waliosoma fizikia katika mtaala wa 8-4-4 walikutana na springi hiyo katika Kidato cha Pili, katika Kanuni ya Hooke: ukiivuta hurefuka kwa kadiri ya nguvu uliyotumia, ukiiachilia hurudi. Jambo ambalo wanafunzi aghalabu hawaulizi ni hili: ikisharudi, hufanya nini? Hupita pale ilipoanzia, ikarudi tena, ikapita tena. Gari lenye springi pekee lingepanda tuta moja na kuendelea kuchezacheza hadi tuta la pili.

Hapo ndipo shokomzoba inapopata kazi. Ndani yake mna mafuta, na ndani ya mafuta mna pistoni yenye vitundu na vali ndogo ndogo. Springi inapobonyea au kunyooka, ufito wa chuma huisukuma au kuivuta pistoni hiyo, na mafuta hulazimika kupenya katika vile vitundu kwa shida. Shida hiyo ndiyo faida yake. Nguvu ambayo ingelirusha gari hugeuka kuwa joto, na ndiyo maana baada ya safari ndefu ya barabara mbovu shokomzoba nzima huwa na joto mkononi, ilhali iliyokufa hubaki baridi karibu kama ilivyokuwa asubuhi. Tairi la gari dogo hugusa barabara kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Kazi yote ya kukata kona na ya kusimama hutegemea viganja hivyo vinne, nayo shokomzoba ndiyo inayohakikisha kwamba havibanduki.

Sasa turudi sokoni. Kijana aliyeniuzia alikuwa mwenye adabu sana. Aliniita "mzee wangu", akaniletea kigoda, kisha akanitolea jozi ya shokomzoba za nyuma zilizong'aa kwa rangi nyeusi. "Hizi ni eksi-Japani," akasema, "hazijawahi kuona shimo." Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nami nilikuwa nimeketi kigodani nikitazama kibaya kikitembezwa mbele yangu bila kukitambua. Nikazigeuzageuza, nikaona hazina kovu wala doa la mafuta, nikalipa.

Rangi ile ndiyo ingenionya. Kipuri kilichotolewa kwenye gari kuukuu hakina sababu ya kung'aa. Shokomzoba inayovuja huwa na utando wa mafuta na vumbi kuanzia pale ufito unapoingilia, ukiteremka ubavuni. Utando huo huoshwa kwa petroli au mafuta ya taa kwa dakika chache, kisha rangi ya kupuliza hufunika yaliyosalia, pamoja na kutu na mibonyeo midogo. Unyevu mwembamba tu karibu na sili si hoja. Mafuta yaliyoteremka hadi katikati ya mwili ni hoja kubwa. Kwa hiyo kipuri kichafu chenye vumbi kavu kina unyofu ambao kipuri kilichopakwa rangi hakina. Mimi sasa, nikiona rangi mbichi, huaga kwa upole na kwenda kibanda cha pili.

Kuna hila nyingine ambayo ni mbaya zaidi, ingawa anayeifanya huenda akaamini kwamba anatenda wema. Wapo mafundi wanaotoboa au kukata shokomzoba iliyokufa, wakamwaga mafuta yaliyochoka, wakajaza mengine mazito, wakaichomelea upya. Mkononi itakuwa ngumu, nawe utadhani umepata kitu cha nguvu. Barabarani mafuta hayo mazito hayapenyi vitunduni kwa kasi inayotakiwa. Gari huwa gumu kama mkokoteni, na tairi huruka juu ya vijiwe badala ya kuvifuata. Vali zilizolegea nazo hazikuguswa na yeyote. Tafuta mshono wa kuchomelea karibu na kitako au ubavuni, mshono usiofanana na ule wa kiwandani ulionyooka na kulingana pande zote. Ukiuona, usibishane.

Neno lenyewe "eksi-Japani" lahitaji kuchunguzwa, maana limekuwa kama hirizi. Ni kweli kwamba Japani ina ukaguzi mkali wa magari: gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi waachane na magari ambayo kwetu yangeitwa mapya. Ni kweli pia kwamba barabara zao ni laini. Ndiyo sababu shokomzoba iliyotolewa katika gari lililokatwa huko, ikaletwa hapa na sehemu nyingine za gari hilo, inaweza kuwa na maisha marefu bado. Lakini Japani ina majira ya baridi kali, na katika maeneo ya theluji kama Hokkaido barabara hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hula chuma. Kipuri kutoka gari la huko huja na kutu iliyochimba chini ya kikalio cha springi, mahali ambapo bodi nzima ya gari hukalia. Pasua kidogo utando wa kutu kwa ncha ya ufunguo: ikiwa ni vumbi la juu tu, sawa, ikiwa chuma chabanduka kwa magamba, kiache hapo hapo kilipo. Isitoshe, mengi yanayouzwa kwa jina hilo yametoka katika magari yaliyoendeshwa miaka mingi kati ya Nairobi na vijiji vyetu. Hirizi haimwulizi mtu alikotoka.

Kabla hujalishika jambo lolote lile, hata hivyo, kuna kazi ya kufanya nyumbani, na hapa mwalimu ana nafasi kubwa kuliko watu wengi, kwa kuwa amezoea kunakili. Fungua boneti usome kibati cha gari. Jina la mtaani halitoshi. Ukisema "nataka za Corolla" umesema sawa na mzazi anayefika shuleni kumwulizia "yule mtoto mwenye sweta". Chukua mfano wa Corolla tunayoiita NZE. NZE121 huendeshwa kwa magurudumu ya mbele; NZE124 huendeshwa kwa yote manne. Kwa nje ni mapacha. Kwa nyuma, chini, mpangilio wa vyuma ni tofauti, na shokomzoba ya moja haina kazi katika nyingine. Muuzaji asiyeuliza herufi na tarakimu hizo anakuuzia urefu unaokaribiana tu.

Kisha soma nambari ya kipuri chenyewe. Katika vipuri vya Toyota, tarakimu 5 za kwanza hutaja aina ya kipuri na mahali pake. 48510 ni shokomzoba ya mbele kulia, 48520 ni ya mbele kushoto, na za nyuma huanza na 48530 au 48531. Tarakimu zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazotofautisha gari na gari. Kwa Nissan nyingi, 54302 ni ya mbele kulia na 54303 ni ya mbele kushoto. Nambari aghalabu huwa imegongwa au kuandikwa mwilini mwa chuma. Na hii ni sababu nyingine ya kuichukia ile rangi nyeusi, kwa kuwa hufunika cheti cha kuzaliwa. Za mbele, kulia na kushoto hazibadilishani hata zikifanana kama shilingi kwa ya pili, maana kila moja ina vishikizo vya mpira wa breki na vya nyaya upande wake. Nimewahi kuona fundi akikipinda kishikizo kwa nyundo ili kikubali upande usio wake. Mpira wa breki ukaanza kusuguana na tairi. Mwenye gari alishukuru kwa kupunguziwa gharama.

Baada ya nambari ndipo mikono huingia kazini. Isimamishe shokomzoba wima sakafuni, ufito ukiwa juu. Usiipime ikiwa imelala, kwa sababu katika zile za mirija miwili, ambazo ndizo nyingi katika magari yetu madogo, kulala huruhusu hewa kuingia mahali pa mafuta. Ibonyeze hadi mwisho na kuivuta hadi mwisho, polepole, mara tano au sita, ndipo hewa itoke. Sasa ndipo jaribio lianze. Ibonyeze: iwe na ukinzani ulio sawa toka mwanzo hadi mwisho. Ivute: aghalabu kuvuta huwa kugumu kuliko kubonyeza, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Unapogeuza kutoka kubonyeza kwenda kuvuta, sikiliza kwa vidole. Ukikuta nafasi tupu, hatua fupi ambapo ufito unatembea bila kupingwa na kitu, mafuta yamepungua au vali imechoka. Ukisikia kikwaruzo au kukwama, ufito umepinda. Ile yenye gesi ya nitrojeni ndani hupanda yenyewe taratibu ukiiachilia; ikibaki chini kama mgonjwa asiyetaka kuamka, gesi imekwisha. Ya mafuta pekee hubaki pale ulipoiacha, na hilo si kosa lake.

Rudia yote hayo kwa ya pili katika jozi. Jozi ni lazima. Shokomzoba moja nzuri na nyingine hafifu katika ekseli moja hulifanya gari livutike upande mmoja breki zinapokanyagwa, na hilo ni baya pengine kuliko zote mbili kuwa hafifu kwa kiasi kimoja. Muuzaji aliye na moja tu hana bidhaa unayoitafuta.

Halafu utazame ufito. Huu umepakwa kromi laini, na juu yake sili ya mpira huteleza mara nyingi mno katika safari moja. Pitisha ukucha juu yake toka mwanzo hadi mwisho. Ukucha ukikwama hata mara moja, kwenye kitundu cha kutu au kwenye alama ya koleo, sili itakatwa na kipuri hicho kitaanza kuvuja, hata kama leo ni kikavu. Hili ndilo jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa halina gharama na halina hoja ya kujibu. Na alama ya koleo hukuarifu vilevile kwamba aliyeitoa hakuwa na subira.

Kuna mtego mmoja ambao wauzaji hawautegi kwa makusudi. Shokomzoba nyingi, hasa za mbele, huuzwa zikiwa zimevikwa springi, mguu mzima kama ulivyotolewa. Mnunuzi hufurahi, kwa sababu atapata springi na mpira wa juu kwa bei moja na kazi ya kufunga itakuwa nyepesi. Lakini ndani ya springi hiyo huwezi kuipima kwa mkono. Utakuwa unapigana na springi, na springi itakushinda. Yaani umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mwambie fundi aitoe kwanza kwa kifaa maalumu cha kuibana springi. Narudia, kwa kifaa maalumu. Springi iliyobanwa imeweka ndani yake nguvu ya kuvunja taya la mtu, na anayefungua nati ya juu bila kuibana anacheza na mauti. Mwanafunzi anayesoma haya na ambaye ana mjomba fundi asijaribu akiwa peke yake.

Mwenzangu mmoja katika chumba cha walimu hushikilia kwamba kipuri cha usalama hakinunuliwi kuukuu kamwe, na hoja yake ina uzito. Namjibu hivi. Za mbele, katika magari mengi madogo, si shokomzoba tu. Ndizo nguzo zinazolisimamisha gurudumu na kugeuka pamoja na usukani, mpangilio unaoitwa kwa jina la mhandisi Earle MacPherson, ulioenea tangu Ford walipouweka katika gari lao la Consul mnamo 1950. Nguzo ikipinda, gari zima limepinda. Kwa za mbele, basi, nakubaliana naye: mwenye uwezo anunue mpya, hata kama ni kwa kudunduiza miezi mitatu. Kwa za nyuma simfuati. Jozi halisi ya kiwandani, iliyotumika kidogo, ikapimwa kama nilivyoeleza, naiamini kuliko jozi mpya ya bandia iliyotiwa katika kisanduku chenye jina la watu. Na bandia zipo. Hatukutunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi mwaka 2008 kwa ajili ya kujifurahisha.

Tukitaja sheria, kuna maneno yaliyochapishwa chini ya risiti nyingi nchini kwamba bidhaa zikishauzwa hazirejeshwi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulindwa afya na usalama wake. Sioni vipi kijistari cha wino chini ya karatasi kitakavyoishinda Katiba. Lakini najua pia kwamba mwalimu hatakwenda mahakamani kwa ajili ya shoki mbili. Kwa hiyo naomba jambo dogo: muuzaji aandike katika risiti nambari ya kipuri, upande wake, na kwamba kinarudishwa kikivuja ndani ya siku kadhaa mtakazopatana. Wengine huandika bila taabu. Wengine hucheka. Wote wawili wamekwisha kukujibu.

Baada ya mkasa wa Timboroa nililipeleka gari kwa fundi mmoja mtu mzima, Nairobi, katika barabara ya Kirinyaga ambayo wengi wetu tungali tunaiita Grogan. Alizitoa zile nyeusi zangu, akaisimamisha moja sakafuni, akaibonyeza kwa kidole gumba. Ilishuka bila kuuliza. "Mwalimu," akasema, "hii imekufa zamani. Waliipaka rangi ya mazishi." Alinipitisha katika vibanda vinne. Vitatu tulitoka mikono mitupu, na katika kimoja kati ya hivyo mimi nilikuwa tayari kulipa, yeye akanivuta shati. Katika cha nne tulipata jozi yenye vumbi, nambari zikisomeka, ufito laini kama kioo. Kufunga kulimchukua asubuhi nzima. Kisha akayatazama matairi yangu ya nyuma, akaupitisha mkono wangu juu yake nisikie mawimbi, mwinuko na bonde, yaliyochongwa na wiki sita za kurukaruka. Matairi hayo nayo yalikuwa yamekwenda. Akiba niliyoweka kwa kununua rahisi ilipotea hapo, na juu yake nikaongeza.

Zile mbili nyeusi sikuziacha dampo. Zimo katika maabara ya shule, kando ya mizani, pamoja na moja nzima niliyopewa na fundi yule baada ya mwenye gari lake kuliuza kwa vyuma chakavu. Katika somo la springi wanafunzi huzibonyeza kwa zamu, huku wamefumba macho, ili waseme ipi ni ipi. Yule msichana aliyeniuliza Timboroa alikuwa wa kwanza kujaribu. Alipoibonyeza ya pili ikashuka hadi chini kwa kishindo, aliiachilia, akafumbua macho, akanitazama kwa muda bila kusema neno, kisha akampisha mwenzake.